Jibu: Mhasibu anayejua kodi za nchi mbili, hapa Dodoma

Habari ndugu. Nimekuelewa: uko Dodoma, unaifanyia kampuni ya Afrika Kusini kazi ya usanifu, wanakukata kodi huko, na mhasibu wa mjini kakuambia mapato ya nje hayaihusu TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania). Huyo mwache. Mkazi wa Tanzania anatozwa kodi kwa mapato yake ya popote, na kodi uliyokatwa nje unaweza kuombea nafuu hapa.

Yalinikuta hayohayo. Mhasibu wangu wa kwanza alijaza kwenye ritani (fomu ya kutangaza mapato kwa TRA) kiasi kilichoingia benki tu, si kile cha kabla ya makato, na kulirekebisha kosa hilo kulinitesa. Wa pili, kabla sijakaa vizuri, aliomba cheti cha kodi iliyozuiwa, yaani ile niliyokatwa huko nje, akaweka kidole kwenye tarehe: mwaka wa kodi wa Afrika Kusini kwa mtu binafsi unaanza Machi, wetu Januari. Hapo nikatulia.

Cha kwanza kukagua: yuko kwenye daftari la NBAA (bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi), na amesajiliwa TRA kama mshauri wa kodi? CPA, yaani cheti cha uhasibu, peke yake haitoshi. Halafu muulize mkataba wetu na Afrika Kusini wa kuepuka kutozwa kodi mara mbili unasemaje kuhusu kazi yako. Tanzania ina mikataba hiyo na nchi chache, zikiwemo India na Zambia, kwa hiyo anayeifahamu hababaiki. Akikuuliza umekaa nchini siku ngapi mwaka huo, mshike huyohuyo. Siku 183 zina uzito katika kuamua kama wewe ni mkazi kikodi.

Nenda na mkataba wa kazi, ankara zote na cheti cha makato. Nywila yako ya TRA usimpe.