Uliza Bwana Shamba: Niliambiwa migomba hii haiugui

SWALI: Shikamoo Bwana Shamba. Miaka mitatu iliyopita nilinunua machipukizi ya aina ya mgomba iitwayo FHIA 17 kwa mtu aliyeniapia kwamba hayaugui. Sasa mashina manne yamenyauka, mikungu inaiva kabla ya kukomaa, na ndizi ukiipasua ni kahawia ndani. Nimeuziwa mbegu bandia? Na hiyo migomba ya Uganda yenye pilipili ni kweli? – Msomaji, Muleba

JIBU: Marahaba. Mbegu huenda ni yenyewe, uongo ulikuwa kwenye maneno. FHIA 17 ilizalishwa Honduras, na sifa yake ni kustahimili magonjwa ya ukungu, kama mnyauko wa Panama. Dalili zako ni za unyanjano, na huo ni wa bakteria aina ya Xanthomonas. Kata shina moja usubiri dakika chache: likitoa usaha wa njano, ndio wenyewe.

Migomba yote tunayolima huugua unyanjano. Anayesimama ni ndugu yao wa porini, Musa balbisiana, ila ndizi zake zimejaa kokwa ngumu. Kumchanganya na yetu ni kazi, kwa sababu migomba yetu mingi ina seti tatu za kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi) na karibu haizai mbegu.

Halafu kuna kioja cha kainja, aina mojawapo ya migomba yetu. Seti zake mbili kati ya tatu zimetoka kwa huyo huyo balbisiana, ungetegemea awe shujaa. Kumbe ndiye anayetangulia kufa! Magamba ya ua dume lake hudondoka na kuacha vidonda vibichi, na nyuki waliotoka kwa mgonjwa hutua hapo hapo. Aina nyingine, Dwarf Cavendish, magamba yake hayadondoki, kwa hiyo wadudu hawapati mlango. Lakini mkate kwa panga chafu uone: atanyauka kama wenzake. Huyo anakwepa tu, kinga hana.

Pilipili ni kweli, tena ni hoho, kwa hiyo ndizi haiwashi. Timu ya mtafiti Leena Tripathi wa IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo, ilipandikiza kwenye migomba jeni mbili za hoho, Hrap na Pflp. Bakteria akiingia, seli zilizomzunguka hujiua haraka naye anakwama. Majaribio ya shambani yalianza Kawanda, Uganda, mwaka 2010, na baadhi ya migomba haikuugua kabisa. Madukani haijafika, kwa hiyo akija mtu na chipukizi “la pilipili”, mfukuze.

Kwa sasa kata mashina yanayougua usawa wa ardhi, usiyaburute kibanjani. Ua dume livunje kwa kijiti chenye panda mara chane ya mwisho ikitokeza. Panga lipitishe motoni kila unapohama shina. Mwaka 2006, ugonjwa ukiwa bado mgeni kwetu Kagera, nilipogolea kibanja cha mama asubuhi na cha jirani mchana, panga lile lile. Jirani hajanisamehe mpaka leo, na harusini huniambia nikae mbali na mkungu.