Kabla Hujampa Kibarua Panga Akapogolee Paini Zako

Kifundo kilidondoka chenyewe. Fundi wa dingdong, zile mashine ndogo za kupasulia mbao zinazohamishwa shamba hadi shamba, alikuwa amenikabidhi ubao wa inchi moja kwa nane uliokwisha kukaa juani siku kadhaa. Nikagusa kiduara cheusi kwa kidole gumba, kikatoka kama kizibo cha chupa, nikabaki naziona nyasi kupitia tundu.

"Mlangoni hauingii huu, kaka," akasema. "Labda wa kufungia zege."

Ilikuwa mwaka 2020, nje kidogo ya Mafinga, mkoani Iringa, na miti ni yangu mwenyewe, niliyoipanda Januari 2008. Miaka 12 ya kusubiri, halafu mbao za kufungia zege. Tangu siku hiyo wenzangu wanaopanda miti wakinipigia simu kuuliza hili na lile, naanzia kwenye kile kifundo.

Kilitokeaje? Mwaka wa nne niliita vijana watatu wenye mapanga wakapogolee, yaani wakate matawi ya chini, malipo kwa idadi ya miti. Walimaliza ekari mbili haraka, nami nikafurahi. Panga halikati tawi la paini likaisha vizuri. Ama linachana gome la shina, ama linaacha kijiti cha urefu wa kidole. Kijiti hicho hufa, lakini mti hauna habari nacho, unaendelea kunenepa na kukimeza. Mbao mpya hukizunguka bila kushikana nacho, na ubao ukikauka, kinasinyaa na kuanguka. Kila tundu nililoliona siku ile lilikuwa kijiti kimoja cha mwaka 2012.

Nunua msumeno wa kupogolea, ule wenye meno yaliyopinda kidogo, na mwingine wa mpini mrefu kwa matawi ya juu. Ukiangalia tawi linapotokea shinani utaona uvimbe mdogo wenye mikunjo, kama ngozi ya kiwiko ukinyoosha mkono. Kata nje ya uvimbe huo, karibu kabisa nao, lakini usiuguse. Ndio unaofunika kidonda. Tawi likiwa nene kama kifundo cha mkono, anza kulikata kidogo kwa chini, kisha malizia kwa juu, la sivyo uzito wake utalivuta na gome litachanika kuelekea chini. Hili alinionyesha mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi Sao Hill, shamba la miti la serikali. Alikata matawi sita tu mbele yangu, polepole, akaniachia msumeno, akaenda kukaa kivulini.

Lini? Usihesabu miaka peke yake, maana paini ya bondeni na ya mlimani hazilingani. Mimi nasubiri mti ufike mita 4 hivi, ndipo natoa matawi hadi mita 2, na sivuki nusu ya urefu wake. Wengi wanataka kupandisha hadi juu mara moja ili wasilipe vibarua mara mbili. Jirani yangu alifanya hivyo, akaacha kijani kileleni tu kama mkia wa jogoo. Majani ndiyo jiko la mti, na miti yake ilikaa bila kunenepa kwa muda mrefu, huku ya kwetu, pamoja na vifundo vyake, ikiipita. Kuni za matawi zilikuwa nyingi, hilo nakiri.

Siku hizi nalipa kibarua kwa siku, wala si kwa mti. Tunafanya mstari wa kwanza pamoja, nakagua kila kidonda, ndipo naondoka.

Kosa langu la pili lilianza siku ya kupanda. Niliweka mita 2 kwa 2, nikijiambia miti mingi ndiyo hela nyingi. Hiyo ni zaidi ya miti 1,000 kwa ekari. Kwa mita 3 kwa 3 ingekuwa kama 450. Kufika mwaka wa saba shamba lilikuwa giza, miti mirefu na myembamba, imesongamana kama mianzi. Nilijua napaswa kupunguza, roho ikawa inagoma. Mama, ambaye hajawahi kuuza hata ubao mmoja, alikuja shambani, akatazama, akasema, "Mahindi yakiota matatu shimo moja unang'oa, hulii. Huku unalia nini?"

Basi nikamwita mnunuzi wa mirunda, zile nguzo nyembamba za ujenzi, nikamwambia achague ya kupunguza. Jamani, msifanye hivyo. Mnunuzi anachagua inayomfaa yeye. Aliondoka na minene iliyonyooka, akaniachia vijiti na miti pacha. Sasa nachukua kopo la rangi mwenyewe na kuweka alama kwenye miti INAYOBAKI, ile iliyonyooka, yenye kilele kimoja, iliyoachana vizuri. Isiyo na rangi ndiyo inakatwa: iliyopinda, yenye mashina mawili, iliyozidiwa na wenzake. Hiyo isiyo na rangi usiipogolee juu, unapoteza hela ya kibarua kwa mti unaoondoka.

Moto nao nisiupite, ingawa sipendi kuukumbuka. Oktoba 2015 mtu alikuwa anaandaa shamba lake la mahindi ng'ambo ya njia, upepo ukageuka. Njia ilikuwepo ila imejaa nyasi, na mimi matawi niliyopogolea nilikuwa nimeyaacha yamelala palepale kwenye mashina. Majani ya paini yaliyokauka yanawaka kama karatasi. Nusu ekari ilikwisha kabla hatujafika na matawi mabichi ya kupigia. Mlingoti, yaani mkaratusi, ukiungua mara nyingi huchipua tena, lakini paini hizi zetu zina gome jembamba na hazichipui. Unaanza upya na miche.

Kwa hiyo matawi nayavuta hadi katikati ya mistari, mbali na mashina. Kinga moto nalima mwezi wa sita, mvua zikiwa zimekwisha, upana mita 10 kuzunguka shamba, na mwezi wa tisa narudi kufagia kilichodondoka. Pia namba za simu za majirani wote wanaolima kunizunguka ninazo, na wao wanayo yangu. Wakitaka kuchoma, napigiwa, nakuja kusimama nao.

Kwa wenye milingoti, machache tu. Kisiki kikate chini, kimo cha kiganja hivi, na kwa mshazari ili maji yasituame. Machipukizi yakifika kimo cha mtu bakiza mawili au matatu yenye afya, mwakani ubakize moja au mawili. Na msipande kwenye vinyungu, yale mashamba ya bondeni yenye unyevu, wala kwenye vyanzo vya maji. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli za kudumu zikae mita 60 kutoka ukingo wa mto, na hata bila sheria, mlingoti unakunywa.

Ukifika wakati wa kuuza, usikubali bei ya "shamba zima" kwa kutazama na macho. Chukua tepu ya fundi cherehani, pima mzingo wa mti usawa wa kifua, gawanya kwa 3.14. Mzingo wa sentimita 63 ni kipenyo cha 20. Pima miti 30 ya hapa na pale, minene na myembamba, siyo ya pembezoni mwa barabara peke yake, maana hiyo inapata mwanga na kukudanganya.

Na ninyi mlioko Dar mnaolima kwa simu: msimamizi atakutumia picha ya shamba limenyooka, kijani, kigari kimepaki pembeni. Mrudishie. Mwambie asogee hadi kwenye shina moja la mstari wa kati, aweke kiberiti cha kulinganishia ukubwa pembeni ya tawi lililokatwa, apige picha hapo.