Maswali yenu: tafi, majani ya mikoko na samadi ya punda

Mwalimu anasema nishati hupita tu, ila maada huzunguka. Itakuwaje, na vyote vimo ndani ya samaki mmoja? Mwanafunzi, Langoni

Mwanangu, mtazame tafi. Chakula chake ni nyasi za bahari na mwani, navyo hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, maji na hewa ya kaboni. Tafi akiogelea, akikwepa wavu, hata akipumua tu, nishati aliyoipata hugeuka joto na kupotelea majini. Hakuna jani linaloweza kula joto hilo, kwa hiyo jua lisipowaka tena mambo yamekwisha.

Nitrojeni ya mwilini mwake, ambayo ni maada, ina safari nyingine. Huitoa kama amonia kupitia matamvua, nyasi zikaifyonza, kisha kasa akazila nyasi hizo. Chembe ileile yaweza kuzunguka hivyo miaka na miaka.

Mmarekani Raymond Lindeman alichunguza ziwa dogo la Cedar Bog, Minnesota, akaonyesha nishati inavyopungua ngazi kwa ngazi, yaani kutoka kwa anayeliwa hadi kwa anayemla. Makala yake ilitoka mwaka 1942, miezi michache baada ya kufariki akiwa na miaka 26 tu. Hesabu ya shuleni siku hizi ni kwamba asilimia 10 hivi ndiyo hufika ngazi ya juu: kilo 1,000 za nyasi, kilo 100 za tafi, kilo 10 za chewa. Ni makadirio, maana kiwango hubadilika mahali hadi mahali, lakini yanakupa picha.

Kwa nini papa ni haba kuliko dagaa? Mvuvi, Shela

Hesabu hiyohiyo, ndugu yangu. Papa yuko juu kabisa, anapofikiwa na nishati kidogo mno. Tena hukawia kukua na huzaa wachache, basi wakivuliwa kwa wingi hawarudi upesi.

Majani ya mkoko hayaliwi na yeyote. Tukikata miti, bahari inapoteza nini? Mkata boriti, Matondoni

Yanaliwa sana, ila mengi huliwa yakishaanguka. Ingia mikokoni maji yakipwa, usimame kimya. Utamwona kaa akilikokota jani la manjano hadi mlangoni mwa shimo lake, akalivuta ndani. Jani bichi ni gumu na limejaa ile rangi ya kukaza ngozi za wanyama. Kaa hulikatakata, na kinyesi chake kikawa chakula laini cha bakteria na kuvu. Vidudu vidogo vya matopeni hula hapo, kamba wakavila, na samaki wachanga waliojificha kati ya mizizi wakapata riziki. Kwa hiyo jani lililoanguka Matondoni linaweza kuishia kwenye wavu wako.

Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, nami sisemi tusikate. Boriti zimebeba madari ya mji huu karne nyingi. Ninachokiogopa ni kufyeka eneo zima. Majani hukoma kuanguka, na kaboni iliyofukiwa matopeni muda mrefu huanza kuoza na kurudi hewani. Kata kwa kuchagua, uache miti mikubwa inayodondosha miche.

Matope hayo yananuka mayai viza. Ni uchafu? Mama, Pate

La, mama. Chini ya matope hakuna oksijeni, basi bakteria wa huko hutumia salfa iliyo katika maji ya bahari, wakatoa gesi yenye harufu hiyo. Ni kazi ya kuozesha inaendelea.

Samadi ya punda tuimwage baharini? Kijana, Mkomani

Usimwage, tafadhali. Nitrojeni na fosforasi zikizidi majini, mwani huota kupita kiasi ukazifunika nyasi zile za tafi na kasa. Irundike kivulini pamoja na majani makavu, uinyunyizie maji kidogo. Baada ya siku chache tumbukiza mkono katikati ya rundo: kuna joto kali! Ndiyo nishati ya nyasi alizokula punda, inaondoka mbele yako. Pindua rundo kila wiki. Likishapoa, likawa jeusi lisilonuka, tia shinani mwa mwembe au mnazi wako.