Mwanangu, kuhusu "borrow me"

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata, nikausoma, nikatafuta miwani nikausoma tena. Unauliza kwa nini watu wetu, hata waliofika chuo kikuu, husema "borrow me" mahali pa "lend me", na kama kosa hilo si la kuachwa tu, maadamu Kisumu yote na Nakuru yote wanaelewa. Unauliza kwa sababu yule kijana mpya wa ofisini kwenu alimwandikia mteja "kindly borrow us your generator", mkubwa wenu akaupiga picha ujumbe ule, akauzungushia duara jekundu, akautupa kwenye kundi la WhatsApp la ofisi nzima watu wacheke.

Nianze na Kiingereza, ndicho ulichouliza. "Borrow" ni ya anayepokea, "lend" ni ya anayetoa. "I borrow a pen from you." "You lend me a pen", au "you lend a pen to me", zote sawa. Kwa wakati uliopita zinakuwa "borrowed" na "lent", si "lended". Baada ya "borrow" hakai mtu. Hukaa kitu kwanza, halafu "from", ndipo mtu aje. Kwa hiyo kijana angeandika "kindly lend us your generator", au "may we borrow your generator", na hiyo ya pili ndiyo ya adabu zaidi.

Mbona tunakosea? Kwa sababu Kiswahili chetu hakitusumbui hapo. "Niazime kalamu", "nimeazima kalamu kwa jirani": kitenzi ni kilekile, na ile "ni" ndogo ndiyo inayoonyesha kalamu inakwenda kwa nani. Mtoto akikutana na "borrow" anadhani nayo huenda na kurudi. Kwenye pesa hatuchanganyi hata siku moja. Kukopa ni kukopa, kukopesha ni kukopesha, na hutampata mama wa Soko la Wakulima aliyevichanganya, maana hapo kukosea ni kula hasara. Na wala si sisi peke yetu. Kijerumani kina kitenzi kimoja, leihen, kinachobeba maana zote mbili, na huko Marekani, upande wa Minnesota na Wisconsin walikohamia Wajerumani na watu wa Skandinavia, wako mpaka leo wanaosema "borrow me", na Kiingereza ndicho walichozaliwa nacho. Basi asije mtu akakwambia ni ujinga.

Darasani nilikuwa nawasimamisha watoto wawili mbele na rula moja. Anayeitoa anasema "I am lending", anayeipokea anasema "I am borrowing", na hakuna kuachilia mpaka wote wawili wameshasema. Kisha wanabadilishana. Darasa la nne walinipigania hiyo rula hadi kengele inalia. Shule nyingine zilikuwa na kile kibao cha kuvishwa shingoni mtoto akikamatwa anaongea lugha ya nyumbani, akae nacho mpaka amkamate mwenzake. Kwangu hakikuingia. Mtoto aliyevishwa kibao hajifunzi Kiingereza, anajifunza kunyamaza.

Lakini mwanangu, katika maelezo yako yote hukuniambia kama jenereta ilipatikana.

Jibu kwanza, sahihisha baadaye. Unalijua hilo, nimelisema mezani hadi baba yenu akawa ananimalizia. Sidhani kama niliwahi kukueleza lilitoka wapi, maana baba yenu mwenyewe hakupenda litajwe.

Ni mwaka ule nyanya yenu wa Butere alipofariki, wewe ukiwa bado wa kubebwa mgongoni. Kaka yenu alikuwa shule ya upili, siitaji jina. Ilikuwa siku ya mkutano wa wazazi, na baba yenu akaona ndiyo nafasi ya kuomba hema la shule kwa ajili ya mazishi. Akasimama. Alikuwa amevaa lile koti la kahawia. Akasema kwa sauti yake ile ya chini, "Please, sir, borrow us the school tent, we have a burial." Mwalimu mkuu akatabasamu, akasema kwenye kipaza sauti, "Lend, mzee. Lend." Ukumbi ukacheka. Akageuka kwenye ajenda inayofuata, na baba yenu akabaki amesimama na kofia mkononi.

Mimi nikainuka. Nikasema kwa Kiswahili, "Mume wangu ameomba hema. Mna hema au hamna?" Kicheko kikakatika. Tukaambiwa litajadiliwa. Halikujadiliwa. Tulizika kwa viti vya kanisa na maturubai ya majirani, na unaijua mvua ya Butere ikishaamua kunyesha alasiri.

Kuna siku najiambia yule mwalimu mkuu hakuwa na nia mbaya. Mwalimu husahihisha kama anavyopumua, na mimi nimeishi na walimu, nawajua. Pengine alisahau tu. Halafu nakumbuka alisikia kitenzi barabara, mbona "burial" hakuisikia? Baba yenu hakusimama tena kwenye mkutano wowote wa shule. Karo alilipa, fomu alijaza, kusimama hakusimama.

Usinielewe vibaya, sisemi kosa liachwe. Kijana huyo ataandika barua za kazi, ataketi mbele ya watu wasiomjua, na wengine watamfungia mlango kwa neno hilo moja. Afundishwe. Ila afundishwe pembeni, na baada ya ombi lake kushughulikiwa. Jibu kwanza.

Unataka niseme kama mkubwa wenu alikosea. Jibu ninalo, liko hapa mdomoni, lakini mshahara wako unapitia mikononi mwake na mimi sikuwepo. Siwezi kuhukumu mtu nikiwa huku Nakuru. Ila kumzungushia mtu duara jekundu mbele ya wenzake wote, mwanangu, na ni mtoto wa watu ... haya, nanyamaza. Pima mwenyewe, wewe ni mtu mzima.

Uliuliza pia kuhusu "loan me". Wamarekani huitumia sana na haina ubaya, hasa kwa pesa. Kwenye barua rasmi aandike "lend", hakuna atakayemuuliza.

Mpe namba yangu. Jumamosi baada ya saa nane niko nyumbani, anipigie tulifanye zoezi la rula kwa simu. Wewe utamshikia hiyo rula upande wa pili.

Mama yako