Mwanangu, msimfungie tena

*Shangazi, shikamoo. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 27, anaendesha boda hapa Arua. Zamani alikunywa jioni tu. Sasa anazimua kabla hata ya kupiga mswaki. Mwezi uliopita mama alimfungia chumbani ili aache. Siku ya pili alianguka, akakakamaa, povu likamtoka. Usiku wa tatu akawa anafukuza panya ambao sisi hatukuwaona. Tukaogopa, tukamfungulia, akarudi kwenye waragi, ile pombe kali ya huku. Mama anasema ni majini, anataka tumfungie wiki nzima. Nifanye nini? – Dada Mkubwa*

Marahaba, mwanangu. Mzuie mama, leo hii. Mlango ule mkiufunga tena mnaweza kuufungua na kukuta maiti.

Pombe hutuliza ubongo. Mtu akinywa kutwa kucha kwa miezi, ubongo nao hujikaza ili uweze kufanya kazi ndani ya ule ulevi. Pombe ikikatwa ghafla, mkazo unabaki bila cha kuuzuia: mikono inatetemeka, jasho linamtoka, moyo unakwenda mbio. Kifafa huja mara nyingi ndani ya siku mbili za kwanza. Maruweruwe makali hufuata, na hapo ndipo wengine hufa. Umeniandikia hatua zote hizo, moja baada ya nyingine. Wale panya ni arosto ya pombe, yaani mateso ya kukatiwa pombe ghafla, ugonjwa ambao madaktari wanaujua na wana dawa zake. Dua za mama sizikatazi. Amwombee akiwa kitandani hospitali.

Najua aibu inawabana, kana kwamba ni nyumba yenu peke yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2016 kila mtu wa miaka 15 na zaidi nchini Uganda alikunywa wastani wa lita 9.5 za alkoholi halisi, na hapo wamehesabiwa hata wasioonja kabisa, kama mama yako. Waragi wa vipakiti ulipigwa marufuku mwaka 2019, lakini jerikeni ya uani ipo palepale. Hiyo nayo inanitia hofu. Kule Kabale mwaka 2010 waragi uliochanganywa methanoli, alkoholi yenye sumu, uliua watu wapatao 80. Siku akilalamika kwamba anaona ukungu, huku tumbo likimuuma, msingoje kupambazuke.

Sasa, namna ya kumpeleka. Usimsemeshe usiku akiwa amelewa, maana mtagombana bure. Ukuta wa ulevi huwa na kimlango kidogo asubuhi, mikono ikishatulia na kichwa kikiwa bado chepesi. Mwambie ulichokiona ile siku ya pili, kwa sauti ya dada, bila kumtukana. Huenda hakumbuki hata kidogo. Kisha mwende hospitali ya rufaa hapo Arua, mwulizie kitengo cha afya ya akili. Wakiona inafaa, watawaandikia kwenda Butabika, hospitali ya taifa ya afya ya akili iliyoko Kampala, ambako kuna wodi ya walioathirika na pombe na dawa za kulevya. Mpaka siku hiyo asilazimishwe kuacha ghafla. Ndiyo, nasema hivyo mimi ninayeichukia pombe.

Ufunguo wa pikipiki uuchukue. Aliyekwisha kuanguka kifafa hapaswi kubeba abiria, hata akinuna. Pesa mkononi usimpe, ila chakula mpe kila siku, kwa sababu waragi humfanya mtu asahau kula na mwili unaishiwa vitamini B1 inayolinda ubongo. Akianguka tena, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimtie kijiko mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Mbele ya daktari usipunguze hesabu kwa kuona haya. Kama ni chupa tatu kwa siku, sema tatu. Mtajie kile kifafa na wale panya. Na mama aende nanyi, ayasikie kwa daktari mwenyewe, maana mkirudi nyumbani yeye ndiye atakayekuwa na mgonjwa mchana kutwa.