Chupa ya Chai Isiyopoa Njiani: Majibu kwa Barua Zenu

Barua za safari hii karibu zote zinauliza kuhusu chupa za chai, au themosi kama wengine mnavyoziita. Zilizofanana tumeziunganisha.

Nalinda usiku, nje. Natia kinywaji saa kumi na mbili jioni, ikifika saa nane usiku kimeshakuwa vuguvugu. Nataka chupa nyingine, niangalie nini?
*Mlinzi wa zamu ya usiku*

Anza na mdomo wa chupa. Mwili wake uache kwanza. Chupa hizi zote zina kuta mbili, na hewa iliyokuwa kati ya kuta hizo imenyonywa. Mwanasayansi James Dewar alitengeneza ya kwanza mwaka 1892, na kanuni haijabadilika. Pasipo na hewa, joto halina cha kupandia, likabaki na upenyo mkubwa mmoja: shingoni, pale kuta mbili zinapoungana, na kwenye kizibo. Kwa hiyo tafuta mdomo mwembamba na kizibo cha kuskurubu, kinene, chenye uwazi au povu ndani, kinachozama shingoni sentimita tatu hivi. Kizibo cha kitufe kinarahisisha kumimina kwa mkono mmoja, ila kina tundu katikati, springi na raba mbili tatu, na kila kimoja kati ya hivyo ni mlango wa joto. Chupa za mdomo mpana wa kunywea moja kwa moja ni nzuri kwa maji baridi. Za usiku kucha sizo.

Kisha soma lebo. "Moto kwa saa 24" haina maana, kwa sababu hata maji ya nyuzi 40 mtu anaweza kuyaita ya moto. Lebo ya kuaminika inataja saa pamoja na nyuzi: kwa mfano, maji yakianza na nyuzi 95, baada ya saa 6 hayashuki chini ya 77. Hapo zimepotea nyuzi 18, wastani wa nyuzi 3 kwa saa. Vipimo vya namna hiyo hufanywa chumbani, penye nyuzi 20 hivi. Ukiwa nje kwenye baridi ya nyuzi 5 na upepo, tegemea pungufu.

Ukubwa nao una uzito. Chupa ya lita moja hupoa taratibu kuliko ya nusu lita ya aina ileile, kwa kuwa shingo ni moja lakini maji ya kupoza ni maradufu. Ndiyo sababu pia chupa iliyojazwa nusu hupoa upesi: joto linatoroka kwa njia ileile, ila sasa linakamuliwa kwenye maji machache. Mtu wa vikombe viwili asinunue chupa ya lita mbili.

Siku uliyoinunua, ijaribu. Tia maji yanayochemka, funga, subiri dakika kumi, halafu pitisha kiganja kuanzia begani hadi kitakoni. Uvuguvugu kidogo karibu na shingo ni wa kawaida. Ukikuta tumbo zima limepata moto, au doa moja la moto ubavuni, ombwe, yaani ule utupu usio na hewa kati ya kuta, limekufa. Fundi hatakusaidia, irudishe dukani ungali na risiti. Jaribu hilihili fanya na chupa yako ya zamani kabla ya kuitupa, maana huenda kilichochoka ni raba tu.

Kioo au chuma?
*Mvuvi*

Kwa chombo kinachoyumba, chuma. Kioo cha ndani kilichopakwa rangi ya fedha hutunza joto vizuri sana, tena hakibadilishi ladha, na nyumbani mezani sina neno nacho. Lakini chini yake kina kinundu kidogo kilipozibiwa baada ya hewa kunyonywa. Kikipata mtikisiko mmoja mbaya, kwisha. Chuma cha pua hubonyea tu. Tafuta alama ya 18/8, yaani asilimia 18 ya kromi na 8 ya nikeli. Kubonyea nako si kwa kudharau: ukuta wa nje ukigusa wa ndani, joto limejengewa daraja.

Kioo kikivunjika, kinywaji kilichokuwamo kimwage chote, hata kama huoni kipande. Usikichuje.

Je, kuna faida ya kuipasha chupa moto kabla ya kutia chai? Wengine wanasema ni ushirikina.
*Mbishi*

Si ushirikina, wala si muujiza; tuhesabu. Tuseme ukuta wa ndani ni chuma cha gramu 200, una nyuzi 25, nawe unatia nusu lita ya maji yenye nyuzi 97. Chuma kitameza joto mpaka kilingane na maji, na maji yatashuka nyuzi 3 hivi. Kwa chupa inayopoteza nyuzi 3 kwa saa, umeokoa saa nzima kwa kazi ya dakika tano. Ikiwa chupa imelala nje kwenye baridi, faida inaongezeka.

Utaratibu: jaza maji yanayochemka, weka kizibo ili nacho kipate moto, subiri dakika 5 hadi 10, mwaga, kisha tia kinywaji papo hapo. Kwa chupa ya kioo anza na maji ya uvuguvugu kwanza, kwa sababu maji yanayochemka kwenye kioo cha baridi yanaweza kukipasua.

Chai yangu ya maziwa huharibika kabla ya saa sita mchana. Chupa mpya!
*Mama wa shambani*

Pole, lakini chupa inaweza isiwe na kosa. Kuchemsha maziwa huua vijidudu vingi, ila baadhi huacha mbegu zinazostahimili moto. Zikikuta ujoto wa kati, kama nyuzi 30 hadi 50, huamka na kuzaana. Na chupa, kwa ubora wake wenyewe, hushuka polepole na kukaa humo muda mrefu. Chai ya maziwa itiwe ikitokota, na inywewe kabla haijashuka chini ya nyuzi 60. Ukitaka ya kutwa nzima, chukua maji ya moto matupu kwenye chupa, na majani, sukari na maziwa ya unga pembeni. Ladha pia inapona, kwa sababu chai iliyokaa na majani yake saa tano ni chungu.

Halafu kagua raba ya kizibo. Ing'oe kwa ncha ya kijiko cha plastiki. Ndani ya mfereji wake mara nyingi utakuta utepe wa kahawia, unateleza, unanuka: ni maziwa ya wiki iliyopita, na kila chai mpya inapita hapo. Raba ioshwe peke yake kila siku na ikauke kabla ya kurudishwa.

Mlimani chai haiwi moto hata nikiichemsha. Ni chupa?
*Mpanda milima*

Ni mlima. Kadiri unavyopanda, maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Kwenye mita 3,000 huchemka kwa nyuzi 90 hivi. Jaza chupa chini kabla ya kupanda. Ivike soksi nene ifunike hata kifuniko, kisha iweke katikati ya mkoba, isimame, katikati ya nguo. Mfuko wa pembeni wa mkoba ni wa maji baridi.

Kizibo kinagoma kufunguka, na siku nyingine chupa inavuja.
*Dereva*

Kugoma: hewa iliyobaki juu ya kinywaji ikipoa hunywea na kukivuta kizibo chini. Zungushia kifuniko kitambaa kilichochovywa maji ya moto, dakika mbili tatu, kisha fungua. Koleo linavunja meno ya skurubu.

Kuvuja mara nyingi ni kujaza mno. Acha sentimita moja au mbili chini ya mahali kizibo kinapofika, la sivyo chenyewe kitasukuma kinywaji kupita raba. Sababu ya pili ni raba iliyorudishwa kichwa chini baada ya kuoshwa. Na chupa iliyorushwarushwa barabarani hujaa msukumo wa mvuke: fungua nusu mzunguko, usikie ikipumua, ndipo umalizie, uso ukiwa mbali. Vinywaji vyenye gesi visiingie humo kabisa.

Utandu wa kahawia ndani unatolewaje?
*Msafi*

Vijiko viwili vya chai vya soda ya kuokea kwa kila nusu lita ya maji ya moto, iache saa moja au mbili bila kufunga, kwa kuwa inatoa gesi. Kisha brashi laini ya mpini mrefu. Magamba meupe ya chokaa yanataka siki iliyozimuliwa, nusu saa, kwa siku nyingine. Dawa ya klorini hutoboatoboa chuma cha pua, na steelwire huacha vipande vinavyoshika kutu. Ukimaliza, hifadhi chupa wazi, kizibo kando.