Mgonjwa wa Rufaa na Taarifa Zake: Namna ya Kuunganisha Hospitali Mbili Zenye Mifumo Tofauti

SWALI: Mimi ni ofisa TEHAMA katika hospitali teule ya wilaya hapa Tanzania. Wagonjwa tunaowapa rufaa huenda hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo inatumia mfumo tofauti na wetu. Mgonjwa hufika kule na barua ya mkono, vipimo hurudiwa, na akirudi kwetu hatujui alitibiwa nini. Baadhi ya viongozi wanataka tuwafungulie wenzetu kanzidata yetu waisome moja kwa moja. Wengine wanasema suluhisho ni hospitali zote mbili kutumia programu moja. Kitaalamu njia ipi inafaa, na sheria inaruhusu?

JIBU: Pendekezo la kufungua kanzidata nakushauri ulikatae kwa maandishi, tena mapema. Anayeruhusiwa kuisoma kanzidata moja kwa moja huweza kuona taarifa za wagonjwa wote, wakiwemo wasiopewa rufaa kabisa, na siku mtakapobadilisha jedwali moja tu kwa ajili ya kazi zenu, mfumo wa wenzenu utakwama au, vibaya zaidi, utaendelea kusoma safu isiyo sahihi bila mtu kugundua. Hoja ya programu moja ina nia njema, lakini haijibu tatizo lenu. Hospitali mbili zinaweza kutumia programu ileile, kila moja ikiwa na seva yake, na jalada namba 4512 likawa la mama mjamzito kwenu na la mzee wa tezi dume kule mkoani.

Mfano huo wa jalada ndio kiini cha jambo lenyewe. Kabla ya kufikiria nyaya, seva na violesura, mnapaswa kuwa na namna ya kujua kwamba mtu aliyeandikishwa kwenu ndiye huyohuyo aliyefika kule. Namba ya NIDA husaidia sana inapokuwapo, lakini kwa muda mrefu ilitolewa kwa watu wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, na wagonjwa wengi wa rufaa ni watoto, tena kichanga huandikwa tu kuwa mtoto wa fulani. Majina nayo hayatulii: mtu mmoja huandikwa Mohamed, Mohamedi au Muhamadi kulingana na aliyekuwa dirishani siku hiyo, na mwanamke huandikishwa kwa jina la baba yake mwaka huu, mwakani kwa jina la mume. Tarehe ya kuzaliwa isipofahamika, makarani hujaza 1 Januari au 1 Julai, kwa hiyo watu wawili kulingana tarehe hizo hakuthibitishi lolote.

Njia inayoaminika ni kulinganisha sifa kadhaa kwa pamoja na kuzipa uzito. Misingi yake iliandikwa na wanatakwimu Fellegi na Sunter mwaka 1969, na bado inatumika: kufanana kwa jina adimu kuna uzito mkubwa kuliko kufanana kwa jina la Juma, na kufanana kwa namba ya simu kuna uzito mdogo kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa familia nzima huweza kutumia simu moja. Jumla ya uzito huo ikipita kiwango cha juu, mfumo huunganisha. Ikiwa chini ya kiwango cha chini, hutenganisha. Katikati huachiwa mtu wa masjala aamue akiwa na mgonjwa mbele yake. Panapokuwa na shaka, msiunganishe. Mtu mmoja akiwa na majalada mawili, hasara yake kubwa mara nyingi ni kipimo kurudiwa. Watu wawili wakichanganywa katika jalada moja, mmoja anaweza kuchomwa penisilini ilhali ana mzio nayo, kwa sababu jalada lilionyesha historia ya mwenzake.

Jambo la pili ni maana ya kinachotumwa. Chukua matokeo ya sukari yaliyofika yakiwa yameandikwa 20 bila kipimio. Kama ni mmol/L, mgonjwa ana sukari ya juu ya hatari na huenda akahitaji insulini. Kama ni mg/dL, sukari imeshuka mno na anahitaji glukosi mara moja. Tarakimu ni ileile, lakini tiba zake zinapingana. Kwa hiyo kila tokeo lisafiri na kipimio chake, tarehe na saa ya kuchukuliwa kwa sampuli, na utambulisho wa kipimo unaoeleweka pande zote mbili. Kwa vipimo vya maabara kuna orodha ya kimataifa ya LOINC, ambayo hutofautisha hata sukari ya mg/dL na ile ya mmol/L, na kwa magonjwa kuna ICD ya Shirika la Afya Duniani, ambamo msimbo E11 wa toleo la kumi ni kisukari cha aina ya pili. Hamhitaji kuoanisha kila kitu. Anzeni na vipimo vinavyoagizwa mara nyingi kwa wagonjwa wa rufaa, mkae mezani na wakuu wa maabara wa hospitali zote mbili, na msikubali kazi hiyo ifanywe na watu wa TEHAMA peke yao.

Usafirishaji wenyewe ni rahisi kuliko hayo mawili. Tumieni FHIR, kiwango cha kimataifa cha kubadilishana taarifa za afya kilichotungwa na shirika la HL7, kinachogawa taarifa katika vipande vinavyojitegemea, kama vile mgonjwa, tokeo la kipimo, mzio na dawa aliyoandikiwa. Mifumo isiunganishwe miwilimiwili: hospitali 10 zikifanya hivyo zitahitaji viunganishi 45, na zikifika 30 vitakuwa 435. Pitisheni ujumbe katika mfumo mpatanishi wa kati, ambao kila hospitali huunganishwa nao mara moja tu. Ulizeni kwanza Wizara ya Afya na TAMISEMI utaratibu wa kujiunga na mfumo mpatanishi wa kitaifa kabla ya kujenga wa kwenu. Intaneti itakatika, kwa hiyo ujumbe usubiri kwenye foleni hadi upokelewe, na kila ujumbe uwe na namba ya pekee ili ukitumwa mara mbili usihesabiwe mara mbili. Barua ya rufaa ya karatasi ibaki.

Kuhusu sheria, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inahesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Kwa kawaida hutakiwa ridhaa ya maandishi, ingawa sheria imeweka nafasi kwa mahitaji ya matibabu. Ushauri wangu ni kuiweka ridhaa katika fomu ya rufaa, daktari aieleze kwa mdomo, na asiyejitambua asicheleweshwe kwa ajili ya saini. Mfumo urekodi nani alifungua taarifa za nani, lini na kwa sababu gani, na kumbukumbu hizo zikaguliwe na mtu asiye wa kitengo chenu. Mjini kwetu anayefungua jalada anaweza kuwa jirani au mkwe wa mgonjwa, na mgonjwa anayehofia hilo huficha ugonjwa wake.

Taarifa za VVU zinahitaji uangalifu wa pekee, lakini kuzificha kabisa si uangalifu. Mgonjwa anayetumia dolutegravir, dawa ya kufubaza VVU, akianzishiwa rifampisini kwa ajili ya kifua kikuu, kiwango cha dolutegravir mwilini hushuka, na dozi ya miligramu 50 hutakiwa kutolewa mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Daktari asiyeona dawa hizo hawezi kurekebisha dozi. Zionwe na anayemtibu mgonjwa huyo, wala si na dirisha la malipo.

Mwisho, mradi mwingi wa namna hii hutuma taarifa kwenda mbele na kusahau mrejesho, na kwenu hilo ni nusu ya swali. Kubalianeni tangu mwanzo kwamba mgonjwa anaporuhusiwa kutoka hospitali ya mkoa, muhtasari unarudi ukiwa na utambuzi wa mwisho, upasuaji uliofanyika, dawa alizoondoka nazo na tarehe ya kuonwa tena, na uingie katika orodha ambayo muuguzi wa zamu aliyepangwa huifungua kila asubuhi. Mjaribu kwanza kwa kundi moja tu. Ningechagua wajawazito wa rufaa, kwa kuwa rekodi zao ni fupi na hurudi kwenu karibu wote kwa kliniki ya baada ya kujifungua.